Shufaa ya Semeni

Habari ya kuuzwa nyumba ilimkuta Semeni binti Uweso ameinamia karai barazani kwake, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, anageuza maandazi ya watu wa bandarini. Na aliyeileta hakuwa mmbeya wa mtaa. Aliileta mnunuzi mwenyewe, Bwana Idarusi, mwenye duka la mbata na mafuta ya taa pale pembeni, kavaa kanzu iliyonyooka kwa pasi na kofia ya kiua, fimbo mkononi.

Huyu Bwana Idarusi mji mzima ulimjua kwa adabu. Salamu yake haikuwa salamu, ilikuwa safari. Akikushika njiani asubuhi atakuuliza wewe, atamuuliza mumeo, atawauliza watoto mmoja mmoja kwa majina yao, kisha atakumbuka goti la shangazi yako lililovimba mwaka juzi. Wenye haraka zao walikuwa wakimwona kwa mbali wanapinda kichochoro. Lakini hakuna aliyemsema vibaya, maana mtu utamsema nini kwa kukujali?

"Bi Semeni," alisema, na kuketi hajaketi, "nimekuja na jambo la heri. Tangu juzi mimi na wewe ni washirika. Ndugu yako Miraji ameniuzia mafungu yake mawili ya nyumba hii kwa shilingi mia tisa taslimu, na hati tumeandikiana. Sabalkheri, bibi. Umeamkaje?"

Semeni alibaki kashika kijiti cha kugeuzia. Nyumba ile ilikuwa ya marehemu baba yao: vyumba sita, ukumbi katikati, uani kisima na choo. Warithi walikuwa wawili tu. Miraji, kwa kuwa mwanamume, alipata mafungu mawili, na Semeni moja, na tangu siku hiyo haikugawanywa hata ukuta mmoja. Semeni kazaliwa mle, kaolewa mle, kamzalia mwanawe mle. Sasa mafungu mawili kati ya matatu yalikuwa ya mtu wa mbata, na mtu wa mbata anataka ghala.

"Nimeamka salama," alijibu. Mdomo ulijibu wenyewe.

"Mumeo hajambo?"

"Hajambo."

"Kazi yake ya baiskeli inakwendaje?"

"Inakwenda, alhamdulillahi."

"Na binti yako Mboni, kule Pangani alikoolewa?"

"Hajambo."

"Na mjukuu? Meno yameota?"

"Mawili, ya chini."

"Mashaallah! Wapangaji wako wazima?"

"Wazima."

"Na wewe mwenyewe, kile kifua?"

"Kimepoa."

"Basi Mwenyezi Mungu autie baraka ushirika wetu."

"Amina," alisema Semeni. "Mungu atie baraka."

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Moshi ulikuwa unafuka karaini, maandazi sita yamekuwa meusi. Aliinuka ghafla, kijiti kinadondosha mafuta kwenye mkeka, wateja wawili wakasogea wasichomwe.

"Naidai shufaa!" alipiga kelele. "Nyote mlio hapa ni mashahidi wangu! Naidai shufaa ya mafungu ya ndugu yangu, kwa bei ile ile aliyouzia!"

Bwana Idarusi alitabasamu. "Umechelewa, bibi. Shufaa hudaiwa papo kwa papo mtu asikiapo. Wewe umesikia, tukaulizana hali, ukanipa habari za meno ya mjukuu, kisha ukaombea baraka. Hayo ni maridhia. Waulize wanaojua." Akainama kwa heshima. "Jumatatu nitamleta fundi apime na kamba. Nisalimie sana nyumbani. Msalimie Mhina. Msalimie na Bertha."

Kuaga kwake nako kulichukua muda.

*

Alasiri ile nyumba nzima ilikutana uani. Nyumba nzima maana yake watu wanne: Semeni, mumewe Mhina, fundi baiskeli, mtu wa mzaha hata matangani, na wapangaji wao, Eliudi na mkewe Bertha, Washambaa wa Bumbuli, Walutheri. Eliudi alikuwa akihesabu magunia bandarini, na kuhesabu kulikuwa kumemwingia mwilini, hata hatua za kwenda kisimani alizijua.

"Kwanza nifahamishe," Mhina alisema. "Hiyo shufaa ni mdudu gani? Nimekuoa miaka ishirini na mitatu, sijapata kusikia ukimtaja."

"Hujapata kuuza kitu changu," Semeni akamjibu.

Marehemu Uweso, baba yake, alikuwa tarishi wa mahakama ya Liwali kwa miaka thelathini. Kuandika hakujua, lakini alisimama mlangoni akasikia kila kitu, na jioni alirudi na maneno ya mahakamani, akamfundisha binti yake huku anakunywa uji. Hiba, wakfu, rehani, shufaa. Mengine aliyakosea, mpaka Kadhi mwenyewe alikuwa akimcheka. Hili hakulikosea.

Semeni alitwaa maandazi matatu katika yale yaliyoungua, akayapanga kwenye ungo. "Hii ndiyo nyumba. Hili moja langu. Haya mawili ya Miraji. Langu liko peke yake, witiri, kama ile rakaa moja ya mwisho usiku. Mshirika wangu akimuuzia mtu baki, sheria inaniambia: wewe wa kwanza. Toa kile kile alichotoa mgeni, uchukue, ulitie pamoja na lako, lipate mwenzake. Huko kulitia la pekee pamoja na mwenziwe ndiko Waarabu walikokuita shafaa. Ndipo tulipopata shufwa na witiri, ndipo ilipotoka shufaa. Baba alikuwa akinipangia hivi hivi, kwa kokwa za tende."

Eliudi aliinamia ungo. "Lakini, Mama Mboni, moja na mawili ni matatu. Matatu si shufwa."

"Wewe kahesabu magunia yako!"

Walicheka wote, na Semeni naye alicheka, kisha machozi yakamtoka hapo hapo katikati ya kicheko. Bertha akamshika bega.

"Na kwa nini lazima mtu apige kelele pale pale?" Bertha aliuliza. "Asifikiri kwanza?"

"Kwa sababu mnunuzi naye ni mtu. Hawezi kukaa mwaka mzima hajui kitu ni chake ama si chake. Basi mwenye haki aruke pale pale, kama aliyekanyaga siafu. Akikaa kimya, karidhia." Alijifuta kwa upindo wa kanga. "Na mimi sikuruka. Nimeiuza nyumba ya baba kwa hajambo, hajambo, hajambo! Adabu gani hii ya kijinga? Ningemwacha na salamu zake zimning'inie mdomoni, nikadai changu."

"Usingeweza," Mhina alisema, na safari hii hakufanya mzaha. "Ungekuwa mtu mwingine, wala nisingekuoa."

Eliudi alisema kwao Bumbuli neno hilo hawana, lakini shamba la migomba halipewi mgeni ndugu hajaulizwa, na atakayethubutu hataitiwa pombe na mtu. Kisha akautazama mlango wa chumba chao, kwa kuwa yeye na Bertha walijua zikija mbata wao ndio wa kwanza kutoka, na chumba cha shilingi kumi kwa mwezi Ngamiani hukipati hivi hivi.

"Twende kwa Kadhi," Mhina alisema. "Ada ya kesi kiasi gani?"

"Shilingi nne."

"Pancha nane. Kesho adhuhuri ninazo."

*

Alizipata kabla ya adhuhuri. Ijumaa baada ya sala walikuwa mlangoni mahakamani, wote wanne, Semeni ndani ya buibui lake la sikukuu.

Karani alimtazama tangu juu hadi chini. "Wewe si mama wa maandazi? Wauzaji wanapita nyuma."

"Leo sikuleta maandazi. Nimeleta kesi."

"Kesi ya nini?"

"Shufaa."

Karani aliweka kalamu chini. Yeye alikuwa na miaka sita pale na neno hilo alikuwa amelisoma tu. Hata hivyo alimwacha akae chini sakafuni zaidi ya saa nzima, huku Bwana Idarusi, aliyefika baadaye, akiletewa kiti. Semeni alikitazama kile kiti. Katika mambo yote ya juma lile, hakuna lililomuuma kama kiti kile.

Kesi za nyumba za Waislamu Liwali alimwachia Kadhi. Kadhi alikuwa mtu mfupi, mnene, na siku hiyo alikuwa na mafua, leso haimwachi mkono. Alimsikiliza Semeni, kisha akamsikiliza Bwana Idarusi, aliyeeleza vizuri kabisa, bila kupunguza wala kuongeza neno, kwa sababu mtu yule kusema uongo hakujua. Hilo lazima tumsifie.

"Basi mnakubaliana juu ya yote," Kadhi alisema. "Nyumba haijagawanywa. Wewe, Bwana Idarusi, si mshirika wa asili. Bei ni mia tisa. Kilichobaki ni kimoja: alichelewa, hakuchelewa." Akapiga chafya. "Hebu nifanyieni tena. Simameni hapo, msalimiane kama siku ile."

"Hapa mahakamani?" aliuliza Bwana Idarusi.

"Basi wapi tena?"

Basi walisimama, mwenye kanzu huku, mwenye buibui huku, wakaanza. Mumeo hajambo, hajambo. Kazi yake inakwendaje, inakwenda. Lakini Bwana Idarusi safari hii alikuwa na hofu kidogo, na hofu ilimzidisha adabu. Alipofika kwa mjukuu akauliza na tumbo lake. Akauliza na mama mkwe wa Mboni. Na Semeni, masikini, akajibu, kisha naye akauliza habari za duka, akajibiwa, akauliza hali ya Bi mkubwa, akajibiwa. Watu waliokuja kwa kesi zao walianza kuguna. Mwanamke mmoja wa talaka alicheka mpaka akajifunika uso.

"Maandazi yaliungua, Bwana Kadhi!" Bertha alipaza sauti kutoka nyuma. "Sita!"

"Huyo nani?"

"Mpangaji," karani alisema. "Mlutheri."

"Simwandiki," Kadhi alisema, "lakini nimemsikia." Akafuta pua. "Bwana Idarusi, nani alikuwa akiuliza na nani alikuwa akijibu?"

Bwana Idarusi alijinyoosha. "Mimi niliuliza. Mimi, Kadhi, sijapata kutanguliwa salamu na mtu tangu nitoke jandoni."

"Na wewe, bibi, una la kusema?"

Semeni hakuwa amejiandalia la kusema. Tangu jana alikuwa akijitukana moyoni, na kusimama pale kurudia yale yale mbele ya watu kulikuwa ni kuvuliwa nguo. Lakini waliporudia kitu kimoja kilimkwaruza sikioni, kama jiwe dogo ndani ya wali. Alikitafuta, akakipata, na alipokipata damu yote ilimpanda kichwani kwa furaha.

"Ninalo moja," alisema. "Si lako, Kadhi, ni la Bwana Idarusi. Bwana Idarusi, hujapata kutanguliwa salamu."

"Sijapata."

"Ukienda dukani kwa mtu kumdai, unaanza na nini?"

"Na salamu."

"Ukipeleka habari ya msiba?"

"Salamu kwanza. Wallahi, hata msiba."

"Mji mzima unajua," Semeni alisema, akawageukia watu, na watu wakaitikia, ndiyo, kweli, tunajua. "Basi niambie, babu. Siku ile, barazani kwangu, mbele ya maandazi yangu, mbona ulitanguliza habari, salamu ukaziweka nyuma?"

Watu wote walimgeukia Bwana Idarusi. Hata Kadhi alisahau chafya yake, ikamrudia baadaye. Mtu wa Tanga, hata awe na haja gani, akupe habari kabla hajakujulia hali! Asiyekuwa na adabu tungesema hajui. Huyu alijua. Alikuwa ameigeuza salamu makusudi, habari mbele, salamu nyuma, ndefu kama alivyozizoea, ili mwanamke wa watu afungwe na ulimi wake mwenyewe, na haki yake imtoke huku anaitikia.

Bwana Idarusi alifungua mdomo. Tungoje aseme uongo? Hakuujua. Masikio yalimwiva.

"Nilifikiri," alisema polepole, "kwamba nikikusalimu kwanza, nikakuambia baadaye, utadai pale pale. Wewe ni binti Uweso."

Kicheko kilichotoka pale nadhani walikisikia sokoni. Mhina aliruka. Mwanamke wa talaka alipiga kigelegele, naye hakuhusika hata chembe. Bwana Idarusi alitazama chini, kisha, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akamgeukia Semeni akasema, "Niwie radhi, bibi. Nilikukosea adabu." Alionekana kuumia na hilo kuliko na nyumba.

Kadhi alifungua kitabu chenye jalada lililochanika, akapekua. "Hata asingekiri," alisema, "usingeshinda, bwana. Mwenye shufaa akisikia yumo ndani ya sala, amalize sala. Yumo bafuni, aoge. Anakula, ale. Na akimsalimu mnunuzi, na akimwombea baraka, haki yake haimpotei, maana sheria haikuja kuwafanya watu wawe hayawani. Limeandikwa hapa, na aliyeliandika hajapata kufika Ngamiani." Akapiga chafya mbili. "Shufaa ni ya Semeni. Lakini fedha, bibi. Mia tisa, mkononi mwa huyu, katika siku tatu. Zikipita, umeiacha."

Alipokuwa akifunga kitabu akamwita karibu. "Marehemu baba yako alikwambia neno lenyewe limetoka wapi?"

"Alisema ni kulitia fungu pamoja na mwenzake, lisiwe pekee."

"Nimelisoma hilo. Wengine wanasema zamani, kabla ya dini, mtu akitaka kuuza, mshirika wake alimwendea kumwomba amtangulize kabla ya mgeni, na kuombea huko ndiko shufaa. Wanazuoni wamegombana juu yake miaka mingi." Alicheka ndani ya leso. "Yote mawili yananipendeza. Nenda kaombe, basi."

Kuomba wapi? Walirudi Ngamiani wakiulizana hilo hilo. Ndani ya mkebe wa Semeni, chini ya kitanda, mlikuwa na shilingi mia mbili, akiba ya maandazi ya miaka mitatu, alizoziweka za kununulia mabati ya paa. Eliudi, asiyeulizwa, alisema mia tisa kutoa mia mbili ni mia saba.

"Tunajua!" wakamwambia wote.

*

Jumamosi asubuhi Mhina alimpakia mkewe kwenye karia ya baiskeli wakaelekea Pongwe, alikokuwa akikaa Miraji. Buibui alilikunja magotini lisiingie katika nyororo, na nyororo ikakatika hata hivyo mara mbili, Mhina akaifunga, wakaendelea. Upepo wa asubuhi ulikuwa mzuri, mkonge umepangwa mistari pande zote, na Semeni, aliyekuwa na siku mbili tu za kuwa na nyumba ama kutokuwa nayo, alijishangaa anaimba. Wakata mkonge walipaza sauti kutoka shambani, "Bi harusi huyo! Bi harusi huyo!" Mhina akawapigia kengele.

"Umekuwa mzito," alimwambia mlimani.

"Mafungu matatu hayo."

Miraji walimkuta mbele ya kibanda kipya cha udongo, anatia chokaa. Alipomwona dada yake aliangusha ndoo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nasikia wewe tajiri."

Miraji alitazama miguu yake. Ndani ya kibanda kulikuwa na meza mbili, mabenchi, na gramafoni mpya juu ya kreti, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Alitaka kufungua mkahawa: kahawa, chai, muziki, watu wa mashamba ya mkonge wapate pa kukaa Jumapili. Ndoto ya miaka. Gramafoni imekula mia mbili. Mia saba alikuwa nazo, na kesho yake fundi wa mabati alikuwa anakuja.

"Kwa nini hukuniambia?" Semeni aliuliza.

"Niliona haya. Ungelia."

"Ningelia, ndiyo. Kisha ningenunua."

"Na Bwana Idarusi alisema nisijisumbue, atakuja yeye mwenyewe kukuamkia na kukueleza kwa adabu."

"Alinieleza," Semeni alisema. Alimsimulia yote, habari mbele na salamu nyuma, na alipofika kwenye maandazi Miraji alikuwa amekaa chini kwenye chokaa.

"Alinitumia mimi," alisema. "Alinitumia nikufiche wewe."

"Sikuja kukusuta. Nimekuja kukuomba. Nipe hizo mia saba."

"Za nini?"

"Nizinunulie mafungu yako."

Miraji alijipangusa chokaa mikononi. "Dada. Ni pesa zangu. Nilizouzia mafungu."

"Ndizo hizo."

"Ununue nyumba yangu kwa pesa zangu?"

"Si yako tena, umeiuza. Ni ya Bwana Idarusi. Naikomboa kwake." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Nitakulipa shilingi ishirini kila mwezi. Na maandazi ya mkahawa huu nitayaleta mimi, bei ya nyumbani. Mabati utaezeka mwakani, mwaka huu tia makuti. Miraji, usiponipa, Jumatatu mtu anakuja na kamba. Sina kwingine pa kwenda, wala sitaki kuwa napo."

Miraji aliinuka, akaizunguka meza, akaigusa gramafoni, akarudi mlangoni akayatazama mapaa ya jirani yaliyoezekwa makuti. Mhina, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, alijishughulisha na nyororo isiyokuwa na ubaya wowote. Kuzunguka kule kulikuwa kurefu kuliko salamu zote za Bwana Idarusi, na Semeni alijua akisema neno moja zaidi litakuwa la kumlazimisha, akaliuma.

"Makuti yanapendeza," Miraji alisema mwishowe. "Baridi chini yake. Muziki hausikiki kelele kama kwenye bati." Akaingia chumbani, akatoka na kitambaa kilichofungwa mafundo matatu. Kabla hajampa alianza kucheka, kwanza kidogo kidogo, kisha mabega yote. "Pesa hizi zimenifikia juzi Jumanne! Hazijapata hata kupumzika!"

Walicheka wote watatu mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Miraji akaweka sahani kwenye gramafoni ili dada yake asikie walau wimbo mmoja wa fedha zake, na Semeni, ndani ya buibui, kwa mara ya kwanza tangu harusi ya Mboni, alicheza.

*

Jumatatu, kabla ya mtu wa kamba kufika, mia tisa zilikuwa mezani kwa Kadhi. Bwana Idarusi alizihesabu. Katikati ya kuhesabu alisimama, akakiangalia kitambaa cha mafundo, akaangalia noti, akawa kama mtu anayemfahamu mtu kwa mbali lakini hakumbuki jina. Hakuuliza. Alizifunga, akamtakia Semeni kheri na nyumba, kwa maneno machache sana, na akatoka.

Karani alichukua karatasi mpya ya hati, akachovya kalamu. Safari hii alikuwa amemletea Semeni kiti kabla hajafika, na kiti kilikuwa chenye mkono mmoja, lakini kiti.

"Jina la mwenye nyumba?"

"Semeni binti Uweso."

"Mafungu mangapi?"

"Yote matatu."

Karani aliandika. Kisha akainua macho, akatafuta nyuma yake, akamwona Mhina ameegemea mlangoni na mikono yake ya grisi. "Mume, njoo utie kidole hapa chini. Kwa niaba ya mkeo."

Semeni alikwisha kunyoosha mkono. Aliichukua kalamu kwenye vidole vya karani, akaivuta karatasi, akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni, taratibu, nukta kwa nukta, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Karani alitazama, hajui amzuie ama afanyeje, kisha akamtazama Mhina amsaidie.

"Mimi usinitazame, bwana," Mhina alisema. "Mimi mpangaji tu."

"Na mwezi huu," Semeni alisema, bila kuinua kichwa, "hajalipa."